Sura za Watakatifu na za Makasisi katika Picha na Sanamu

Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa dini mbele ya Wakristo wa Magoma, katika siku za Yubilei ya Dayosisi



Halmashauri ya Yubilei imeniagiza niseme habari za picha na sanamu za watakatifu na za makasisi, jinsi zilivyofanywa tangu zamani na watu wa mataifa mbalimbali. Sababu ya kuniagiza mwaijua nyote. Fedha zimechangwa, ukuta ulio nyuma ya madhabahu umepakwa chokaa, nao ungali mtupu. Na tangu siku ulipopakwa chokaa maneno hayajaisha. Wako watakao tununue picha kubwa ya Bwana dukani, mfano wa ile iliyo karibu na mlango, yenye uso mweupe na nywele za rangi ya katani. Wako watakao fundi wa kwetu aifanye kazi hiyo, na Bwana awe Mwafrika. Tena wako, nao si wachache, wasemao heri ukuta ubaki mtupu, maana jirani wanatucheka kwamba twaabudu mbao. Watu wawili wa nyumba moja wamekataa kupeana mkono wa amani kwa ajili ya jambo hili. Basi si jambo dogo.

Nitaanza na hao wa mwisho, kwa kuwa hoja yao ndiyo nzito. Amri iliyo katika Kutoka, mlango wa 20, yakataza sanamu ya kuchonga na kuisujudia. Hilo halina shaka. Lakini katika kitabu kile kile, mlango wa 25, Musa anaamriwa kufanya makerubi wawili wa dhahabu na kuwaweka juu ya sanduku la agano. Na katika Hesabu, mlango wa 21, anaamriwa kufanya nyoka wa shaba, na kila aliyeumwa akamtazama nyoka yule akapona. Nyoka yule alihifadhiwa miaka mingi sana, hata watu wakaanza kumfukizia uvumba. Ndipo mfalme Hezekia alipomvunja vipande vipande. Angalieni neno hili. Shaba ilikuwa ile ile na umbo lile lile. Kwa Musa ilikuwa dawa, kwa Hezekia ilikuwa sanamu ya kuabudiwa. Kilichobadilika kilikuwa katika mioyo ya watazamaji.

Wala sisi watu wa nchi hii hatukufundishwa tofauti hiyo na Wazungu. Wazee wa Kisambaa na Kizigua walikuwa na vinyago vya udongo ambavyo vilionyeshwa wari katika unyago na vijana katika jando. Mtafiti mmoja, Hans Cory, alivikusanya vingi na kuandika kitabu juu yake mwaka 1956. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: hiki chafundisha heshima kwa wakwe, kile chaonya uvivu, kingine uzinzi. Kijana alitazama, akaimbiwa, akaeleza maana. Hakuna aliyekisujudia kinyago. Kilikuwa kitabu cha mtu asiyejua kusoma. Na Papa Gregori Mkuu, yapata mwaka 600, alimwandikia Askofu Sereno wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani mwake, neno ambalo bibi zetu wangalilifahamu mara moja: kwamba picha haifai kuabudiwa, lakini haifai kuvunjwa pia, kwa kuwa asiyejua herufi husoma humo.

Shida yetu nyingine imo katika lugha. Neno letu sanamu lachukua mizigo miwili. Kinyago cha kuabudiwa ni sanamu, na picha ya Askofu Steere nayo watu wa zamani waliita sanamu. Jirani asikiapo kwamba Wakristo wana sanamu, asikia mzigo wa kwanza, nasi twajibu kwa mzigo wa pili, na mazungumzo hayaendi mbele. Jirani hao ni ndugu zetu wa damu, wajomba na shangazi zetu. Si watu wa kujibiwa kwa ukali.

Tena wakumbuke wote habari hii. Katika karne ya 8 Kaisari Leo wa Konstantinopoli, naye ni mfalme Mkristo, alipiga marufuku picha takatifu, na picha nyingi zikaharibiwa katika milki yake. Aliyezitetea kwa kalamu kuliko wote ni Yohana wa Dameski, mtu aliyekaa chini ya utawala wa makhalifa wa Bani Umayya, na jamaa zake walikuwa wamewatumikia makhalifa hao katika kazi ya hazina. Mkono wa Kaisari haukuweza kumfikia huko. Na hata leo baadhi ya picha za kale kupita zote zilizobaki ziko katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya mlima Sinai, katika nchi iliyokuwa ya Waislamu wakati ule. Mojawapo ni picha ya Bwana mwenye ndevu, akishika Kitabu, ya karne ya 6. Wakristo walizivunja za kwao, na zile zilizokuwa katika nchi ya Waislamu zikasalimika. Mwaka 787 maaskofu walikutana Nikea wakakata shauri: ibada ni ya Mungu peke yake; picha hupewa heshima tu, na heshima ile humwendea yeye aliyechorwa. Vita ile ilirudi tena zamani za Matengenezo. Huko Zürich sanamu zilitolewa makanisani mwaka 1524, na Uingereza zikavunjwa kwa wingi kuanzia mwaka 1547. Kwa hiyo Mkristo apendaye ukuta mtupu hana imani haba. Anao wazee wake katika Kanisa, na sitaki mtu amcheke.

Sasa nawageukia ninyi mnaoshindana juu ya rangi.

Injili nne hazituambii urefu wa Bwana, wala nywele zake, wala rangi ya uso wake. Wainjilisti waliandika jina la kipofu Bartimayo, waliandika hesabu ya samaki, mia na hamsini na watatu, lakini uso wa Bwana hawakuandika. Wakristo wa kwanza walipotaka kumchora walifanya kama walivyojua. Katika nyumba ya ibada iliyochimbuliwa Dura-Europos, katika nchi ya Shamu, iliyochorwa kabla ya mwaka 256, yuko mchungaji mwenye kondoo mabegani. Katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma yuko mchungaji kijana asiye na ndevu. Ndevu na nywele ndefu zilikuja baadaye zikashinda. Uso mweupe wenye macho ya buluu ulitoka kwa wachoraji wa Ulaya, nao hawakufanya vibaya: walimchora kama mtu wa kwao, ili watoto wao wasimwogope. Vibaya vilianza pale picha ile ilipopakiwa merikebuni ikaletwa kwetu, nasi tukaidhani kuwa ushuhuda wa mtu aliyemwona.

Mwaka uliopita mtoto mmoja wa darasa la kipaimara alitazama karatasi za mafundisho nilizokuwa nimetundika. Malaika walikuwa weupe, mitume weupe, na Shetani mweusi. Akaniuliza, "Mwalimu, huko mbinguni wapo watu wa Magoma?" Watoto wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia wapo, tena nikamtajia majina ya marehemu tunaowaombea. Lakini mwaona ya kuwa jibu langu lilikuwa la mdomo, na zile karatasi zilikuwa zikijibu vingine mchana kutwa.

Nanyi msidhani kwamba kuwachora watakatifu na maaskofu wa rangi yetu ni jambo jipya lililobuniwa na vijana wa siku hizi. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adua katika nchi ya Uhabeshi, viko vitabu vya Injili vyenye sura za Wainjilisti. Wataalamu walipozipima ngozi za vitabu hivyo waliona ya kuwa ni za kati ya mwaka 330 na 650 hivi. Yaani, Waafrika walikuwa wakichora Injili kabla watu wengi wa Ulaya ya kaskazini hawajabatizwa.

Na habari ya Faras yanipendeza zaidi ya zote. Faras ulikuwa mji wa Nubia, kando ya mto Nili, mahali ambapo sasa pana mpaka wa Misri na Sudani. Lilikuwako kanisa kuu, mchanga ukalifunika, likasahauliwa. Hata zamani bwawa la Aswan lilipojengwa, na maji yakawa karibu kuifunika nchi ile, wachimbuzi kutoka Polandi, wakiongozwa na bwana Kazimierz Michałowski, walichimba huko kuanzia mwaka 1961 hata 1964. Ndani ya mchanga walikuta kuta zimejaa picha, zaidi ya 100, na rangi zake zingali hai. Wakazibandua polepole, nyingine zikaenda Khartoum, na zaidi ya 60 zikaenda Warsaw. Yuko Mtakatifu Ana, mamaye Bibi Mariamu, mwenye kidole midomoni. Na yuko Askofu Petro wa Faras, wa karne ya 10, amevaa mavazi ya kazi yake, na uso wake ni wa kahawia iliyoiva, kama uso wa mtu yeyote aliyeketi katika viti hivi. Nyuma yake amesimama Petro Mtume, mweupe, akimwekea mikono mabegani.

Tafakarini kidogo juu ya fundi yule. Askofu alikuwa akimwona kila Jumapili, akamchora kama alivyo. Mtume hakumwona, akamchora kama alivyompokea kwa waliomtangulia. Nami naona hapo iko kanuni itupasayo sisi. Sura ya kasisi au mwalimu tuliyemjua yadai ukweli wa uso: kama alikuwa na kovu, lichorwe. Sura ya mtakatifu wa kale yadai ukweli wa tendo: mchungaji achunge, Msamaria afunge jeraha, Bwana aoshe miguu. Rangi yake ni ngozi ya hadithi tu. Nyama ni tendo.

Wazungu wenyewe walifahamu hivyo katika siku zao njema. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, yuko Mtakatifu Maurisi, askari shahidi, aliyechongwa katika jiwe yapata mwaka 1240, naye ni Mwafrika dhahiri, pua na midomo, ndani ya mavazi ya chuma. Na katika ufalme wa Kongo, ambao mfalme wake alibatizwa mwaka 1491, mafundi walisubu misalaba ya shaba, na Bwana aliye juu yake ana sura ya Mkongo.

Hapa niseme kidogo juu ya makasisi, maana mmependa kunong'ona. Kuchorwa kwa kasisi si heshima sikuzote. Ni kweli katika kanisa la San Vitale, mji wa Ravenna, Askofu Maksimiani amesimama ukutani karibu na Kaisari Yustiniani tangu karne ya 6, na jina lake limeandikwa juu ya kichwa ili asije akasahauliwa. Lakini katika makanisa kadha ya Uingereza, chini ya viti vya mbao wanavyokalia makasisi wenyewe, mafundi wa kale walichonga mbweha aliyevaa kiaskofu akiwahubiri mabata bukini. Wachoraji wa hukumu ya mwisho waliwaweka maaskofu motoni pamoja na wafalme. Na mwaka 1521, huko Wittenberg, Lucas Cranach alichapa picha mbili mbili: huku Bwana akiosha miguu ya wanafunzi, huku Papa akibusiwa mguu. Picha zile zilikuwa za ugomvi, wala si za haki zote. Walakini kasisi au mwalimu anayezitazama bila kujikuna, basi hana masikio. Sisi nasi twachorwa kila siku. Ziko ngoma ambazo mwalimu wa dini huigizwa mwendo wake na kofia yake. Tusikasirike.

Tena liko jambo la vitenge vya Yubilei. Siku hizi kila sherehe huchapa uso wa askofu juu ya nguo. Nia ni njema, na nguo yapendeza ikiwa mpya. Lakini nguo ni nguo. Hukaliwa, hubebea mtoto, na ikichakaa hudekia sakafu. Mimi simkatazi mama yeyote. Nasema tu, kama twataka kumheshimu mtu kwa sura yake, tutafute mahali palipo imara kuliko hapo.

Mahali hapo ni wapi? Katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, liko kaburi la Askofu Steere nyuma ya madhabahu. Uko na msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Nje uani ziko sanamu za watumwa watano shimoni, wenye minyororo shingoni, alizozifanya Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, mwaka 1998. Watumwa hao hawana majina. Nami kila nikienda huko nawaza juu ya wengine waliotoka utumwani na majina yao twayajua: John Swedi, aliyefanywa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni yetu, mwaka 1890. Hao ndio walioshika kazi Wazungu walipougua homa na kurudi kwao. Nauliza, ni watoto wangapi wa Magoma wanaoweza kusema sura zao? Nao walimu wa kwanza wa vijiji vyetu hivi, waliotembea kwa miguu kutoka Korogwe na Magila wakiwa na kengele na kitabu, sura zao ziko wapi? Ziko vichwani mwa wazee wachache sana, na wazee hao wanatutoka mmoja mmoja.

Ulimwengu umekwisha kuona jambo hili. Mbele ya lango la magharibi la Westminster Abbey, London, palikuwa na vijumba vya sanamu vilivyokaa vitupu tangu karne za kati. Mwaka 1998 viliwekwa sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20. Yumo Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1977 zamani za Idi Amin. Yumo binti wa Afrika ya Kusini, Manche Masemola, aliyeuawa mwaka 1928 kabla hajabatizwa. Na yumo Lucian Tapiedi wa Papua, aliyeuawa mwaka 1942, naye alikuwa mwalimu wa dini, kazi yake kama yangu. Kama London wamepata nafasi ya mwalimu ukutani, Magoma haitakosa.

Na kwamba mtu wa nchi yetu aweza kuifanya kazi hii vizuri, ushahidi uko karibu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma sanaa Makerere, alichora mwaka 1959 kuta tano katika kanisa la Murang'a, Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa na Askofu Mkuu Fisher wa Canterbury mwaka 1955. Alichora kuzaliwa kwa Bwana, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, na kusulubiwa. Bwana ni Mwafrika na nchi ni nchi ya Kikuyu. Fikirini ni watu gani waliokuwa wakiingia kanisani mle: wajane wa waliouawa, na jamaa za waliowaua, wote weusi, wote wa lugha moja. Kama aliyesulubiwa ukutani angalikuwa mgeni, kila upande ungaliweza kusema jambo hili halinihusu.

Yako pia mashauri ya Wamafa wa Kamerun. Katika miaka ya 1970 padre mmoja Mfaransa, François Vidil, na Wakristo wa huko walitaka picha za Injili. Hawakumwita mchoraji kwanza. Watu wa kijiji waliigiza Injili wenyewe, wakapigwa picha, na mchoraji akafuata picha hizo. Zimeenea duniani kote, hata hapa tumeziona. Njia hii yanipendeza kwa kuwa waumini walilazimika kusoma Injili na kubishana nani asimame wapi, kabla ya rangi kugusa karatasi.

Basi haya ndiyo ninayoyaleta mbele ya halmashauri. Picha iliyo karibu na mlango isitolewe. Ililetwa na watu waliotupenda, bibi zetu walisali mbele yake, na kuiondoa kwa ghadhabu ni kufanya alivyofanya Kaisari Leo. Nyuma ya madhabahu uwekwe msalaba wa mti peke yake bila uso, ili wale wapendao ukuta mtupu waweze kusali pamoja nasi bila kuumia. Nalisema hili nikijua ya kuwa vijana watanuna.

Na ukuta wa kushoto, ule mrefu, apewe fundi wa kwetu. Achore Bwana akiosha miguu, hapa hapa bondeni, na Usambara iko nyuma. Miguu ile iwe ya wakata mkonge, yenye nyufa. Tuigize kwanza kama Wamafa, Jumamosi tatu, watu wote, na hao wawili wasiopeana mkono nawaomba mmoja ashike beseni na mwingine atoe mguu. Chini yake, kwa safu, wachorwe walimu wa kwanza wa vijiji hivi kwa nyuso zao za kweli. Fundi aketi na wazee kabla ya masika, maana wawili kati yao hawaoni vizuri tena, na mmoja tu ndiye amkumbukaye mwalimu wa kwanza wa Magoma. Asema alikuwa mfupi, jicho la kushoto limelegea, na alikuwa akicheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe.

Mbao za msalaba ziwe mvule, si mninga niliosikia ukitajwa, bei yake imepanda. Na chokaa ya ukuta ule wa kushoto ikwanguliwe tena upande wa dirisha, kwa kuwa maji ya mvua hupenya hapo, na mchwa wameanza.